Nijengewe tovuti ya milioni mbili na nusu, au Instagram inatosha?

Swali

Kaka, habari za kazi. Nina duka la kushona sare za shule hapa Ngamiani, Tanga. Nina vyerehani vinne na mafundi wawili wa kudumu, msimu ukifika naongeza wengine. Wateja wangu wengi wananipata WhatsApp na Instagram. Sasa kijana mmoja amenijia, anataka kunitengenezea tovuti kwa shilingi 2,500,000: iwe na kapu la manunuzi, mteja afungue akaunti, alipe humo humo, na baadaye tuongeze programu ya simu. Mwingine ananiambia tovuti zimepitwa na wakati, nibaki Instagram. Mpwa wangu naye anasema akili bandia inatengeneza tovuti bure kwa dakika kumi. Pesa hiyo kwangu ni mashine mpya ya ovaloki na vitambaa vya msimu mzima. Nishauri kama unavyomshauri dada yako wa damu. Na wewe mwenyewe unatumia vifaa gani?

Jibu

Nzuri dada, pole na majukumu. Nimefurahi sana kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Wengi wananijia pesa ikiwa imeshatoka, tovuti haifunguki na kijana hapokei simu.

Jibu langu ni hili: usitoe hiyo milioni mbili na nusu. Tovuti unaihitaji, lakini ni ya ukurasa mmoja au miwili tu, nyepesi, inayojibu maswali ambayo wazazi wanakuuliza kila siku. Na kabla hujaanza kuijenga, hakikisha jina lake na namba yako ya simu vipo mikononi mwako kabisa.

Kila nikipata mteja mwenye biashara ndogo, kazi yangu inaanzia kaunta, kompyuta inakuja baadaye. Miaka kadhaa nyuma nilikaa siku tatu kwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Gerezani, Kariakoo. Mwenye duka alitaka tovuti yenye kila kitu, kama huyo kijana anavyokuahidi wewe. Nikaomba kiti, nikanunua daftari la shule. Kila simu iliyoita na kila ujumbe ulioingia, niliandika swali kwa maneno yale yale ya mteja. Siku ya tatu mchana tukakaa kulisoma daftari pamoja. Zaidi ya nusu ya maswali yalikuwa manne tu yanayojirudia: mpo wapi, bei gani, ipo ya pikipiki yangu, mnatuma mikoani. Hakuna hata mmoja aliyetaka kufungua akaunti. Yule mzee alirudisha kurasa nyuma, akasoma tena kwa kidole, kisha akasema, "Kumbe kutwa nzima najibu kitu kimoja." Tovuti niliyomtengenezea ilikuwa majibu ya maswali hayo manne, na picha za duka kuanzia kona ya barabara hadi mlangoni. Anaitumia mpaka leo.

Fanya hivyo hivyo. Chukua daftari, wiki moja tu, uandike kila swali. Usiandike "ameuliza bei", andika alivyouliza: "Sketi ya marinda ya mtoto wa la tatu mnauzaje?" Maneno hayo ndiyo mzazi mwingine atakayoyaandika Google akiwa Muheza au Handeni, na ukurasa wako ukiwa na maneno hayo hayo una nafasi kubwa zaidi ya kuonekana. Tovuti nyingi za biashara zetu zinaandika "tunatoa huduma bora za mavazi kwa taasisi za elimu". Hakuna mzazi anayetafuta hivyo.

Kwa biashara yako naweza kukisia daftari litakuwa na nini. Mzazi wa kidato cha kwanza amepewa fomu ya kujiunga, ina orodha ndefu ya mashati, sketi au suruali, sweta, tai na nguo za michezo. Anaipiga picha na kukutumia. Anataka kujua jumla ni shilingi ngapi, inachukua siku ngapi, anatoa kianzio kiasi gani, na kama yupo Korogwe, mzigo unafikaje. Basi ukurasa wako wa kwanza uwe na mambo hayo tu. Orodha ya shule unazozishonea, kwa majina. Chini ya kila shule, nguo moja moja, saizi na bei. Idadi ya siku za kusubiri, ukitenganisha msimu wa Januari na miezi mingine, kwa sababu ukiahidi siku tatu Januari utagombana na watu. Duka lipo barabara ya ngapi, unafungua saa ngapi, Jumapili upo au haupo.

Bei ziandike wazi. Najua kuna mazoea ya "bei njoo inbox", na sababu zake nazisikia: mshindani ataona, mteja atakimbia kabla hujazungumza naye. Mimi nimekuwa napingana na mazoea haya kwa miaka. Mzazi wa Pangani anayepiga hesabu ya nauli anahitaji kujua bei kabla ya kupanda basi, na asipoiona kwako ataiona kwa mwingine. Mshindani wako naye ameshaijua bei yako siku nyingi. Alimtuma mtu dukani kuuliza.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho Instagram haikupi nafasi nzuri ya kukiweka, na kwa kazi yako naona kina thamani kuliko hilo kapu: maelezo ya jinsi ya kumpima mtoto. Nguo zinazorudishwa zinakula faida yako, na nyingi zinarudi kwa sababu mzazi alitaja umri badala ya vipimo. Watoto wawili wa miaka tisa wanaweza kupishana inchi nne za kiuno. Andika maelezo hayo wewe mwenyewe, kwa lugha unayoitumia dukani. Mtoto avae fulana nyepesi, asimame wima, asivute tumbo ndani. Kifua kipimwe chini ya kwapa, kiuno pale sketi inapokaa, urefu wa sketi kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Mzazi asiye na futi ya fundi achukue kamba, aizungushe, ashike mahali inapokutana, afunge fundo, kisha ailaze kwenye rula ya mtoto ahesabu. Sema na upindo unaacha kiasi gani ili nguo iteremshwe mtoto akirefuka. Piga picha, moja kwa kila kipimo. Ukurasa huo mmoja utautuma WhatsApp kwa kila mteja wa mbali, na utaona tofauti msimu huo huo.

Kuhusu picha. Kamera ya simu ya kawaida siku hizi inatoa picha ya MB tatu hadi tano. Ukipandisha picha ishirini zilivyo, unamtaka mzazi atumie MB 60 hadi 100 kuona sketi. Kwa mtu anayejiunga bando la siku, hapo umemmalizia bando, na wala hatasubiri ukurasa ufunguke. Picha hiyo hiyo ukiipunguza upana hadi pikseli 1,000 na kuibana, inashuka hadi KB 150 au chini ya hapo, na kwenye kioo cha simu hauoni tofauti. Kuna programu ya bure ya Google inaitwa Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari na picha haitoki kwenye kifaa chako. Mpwa wako ataielewa kwa dakika tano. Piga picha mchana, nguo ikiwa imetundikwa kwenye mlango mweupe, karibu na mwanga wa nje. Rangi ya bluu ikitoka kama nyeusi mzazi atakuja kubishana.

Hapa niingize swali lako kuhusu vifaa vyangu. Chombo changu ninachokitegemea zaidi ni simu ndogo ya bei ya chini, kioo kimepasuka kwenye kona, nafasi imejaa muda wote. Sijaibadilisha kwa makusudi. Kila tovuti ninayomaliza naifungua kwenye simu hiyo nikiwa ndani ya daladala kuelekea Mbagala, mtandao ukipanda na kushuka. Isipofunguka nikiwa njiani, nairudisha mezani. Kwenye kompyuta ya ofisini, yenye intaneti ya waya, kila kitu kinafunguka haraka, na ndipo mafundi wengi tunapodanganyika. Ukikutana tena na kijana wako mwambie akuoneshe kazi zake kwenye simu yako wewe, kwa bando lako, mkiwa mmesimama nje ya duka. Hapo utajifunza mengi kuliko kwenye maelezo yake. Vifaa vyangu vingine ni vya kawaida: VS Code, ambayo ni programu ya kuandikia msimbo wa tovuti, vivinjari viwili, na Git, ambayo inatunza historia ya kila badiliko ili nikiharibu leo niweze kurudi jana. Vyote ni vya bure.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, jina. Jina la tovuti, ambalo mafundi tunaliita domeini, ni kama hati ya kiwanja. Jengo unaweza kulibomoa na kujenga lingine, fundi unaweza kumbadilisha, lakini hati ikiwa na jina la mtu mwingine huna kitu. Nilikuwa na mteja mwenye nyumba ya wageni. Fundi aliyemtengenezea tovuti alisajili domeini kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe, labda bila nia mbaya, ili mambo yaende haraka. Baada ya miaka mitatu akahamia nje ya nchi. Taarifa za kulipia mwaka mpya zikawa zinaenda kwenye barua pepe ambayo haifungui tena. Jina likaisha muda, likaachiwa, likachukuliwa na watu wengine kabisa. Mama wa watu akapoteza tovuti, na pamoja nayo anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye vipeperushi vyote, kwenye kibao cha barabarani na kwa mawakala waliokuwa wanamletea wageni. Nilijaribu kumsaidia kwa wiki mbili. Haikuwezekana, tukaanza upya na jina jingine.

Kwa hiyo domeini isajili wewe. Majina yanayoishia na .tz, ambayo ni ya Tanzania, unanunua kupitia wasajili walioidhinishwa. Kwa duka kama lako .co.tz inafaa. Gharama ni ya makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, haifiki laki. Sehemu ya mmiliki iandikwe jina lako au la biashara yako, barua pepe unayoifungua mwenyewe, na namba yako. Fundi anaweza kuwekwa kama mtu wa masuala ya kiufundi, hapo hakuna tatizo. Na usichanganye: kusajili jina la biashara BRELA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakukupi domeini, na kununua domeini hakukupi jina BRELA. Ni sehemu mbili tofauti, hivyo kabla hujachapisha mifuko angalia kote kuwili.

Uchague jina fupi la Kiswahili. Nina jaribio moja: mpigie shangazi yako simu, mtajie jina mara moja, mwambie aliandike kwenye karatasi akusomee. Akikosea herufi hata moja, tafuta jingine.

Huyo aliyekuambia ubaki Instagram hajakosea kila kitu. Wateja wako wapo pale, endelea kuwahudumia. Ninachokataa ni biashara nzima kukaa kwenye nyumba moja ya kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima, kwa sababu zote ni za kampuni moja na mitambo yake ilijikata yenyewe kwenye intaneti. Siku ile kuna watu walikuwa na mzigo dukani na hawakuwa na njia hata moja ya kuongea na mteja, kwa kuwa hata namba zilikuwa zimebaki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Na ukifikiri Google ni tofauti, kumbuka walikuwa wanatoa kurasa za bure kwa wafanyabiashara waliojiandikisha kwenye ramani. Machi 2024 wakazizima zote. Aliyekuwa na domeini yake alihamia kwingine, jina likabaki lile lile. Aliyekuwa hana akaanza moja. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri, na wewe fundi nguo hilo hauhitaji kuelezwa.

Kwenye ramani ya Google hata hivyo jiandikishe leo, ni bure, weka saa za kazi, namba na picha ya mbele ya duka. Mzazi anayeshuka stendi hajui barabara za Ngamiani zinahesabiwa kuanzia wapi.

Namba ya simu nayo iangalie. Laini ya duka imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Nimekuta maduka mengi ambayo namba iliyochorwa ukutani ni ya kijana wa kaunta, kwa alama zake za vidole. Akiondoka anaondoka na wateja, na kama laini imeunganishwa na Lipa Namba mambo yanakuwa mazito zaidi. Laini ya biashara isajiliwe kwa NIDA yako. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp na Instagram, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, na ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha vipi. Kila mwezi majina na namba za wateja waliokuruhusu uwahifadhi, yanakili kwenye daftari au jedwali la kompyuta. Ukipoteza akaunti leo, daftari hilo linakurudisha kazini kesho.

Turudi kwenye kapu la manunuzi. Kapu linafaa kwa bidhaa zilizokaa tayari kwenye rafu, za saizi zinazojulikana, na muuzaji mwenye mtu wa kusasisha idadi kila siku. Nguo zako zinashonwa kwa vipimo, wazazi wanapatana bei wakiwa na watoto watatu, wanatoa kianzio na kumalizia siku ya kuchukua. Mazungumzo hayo yanafanyika vizuri sana kwenye simu. Kuunganisha malipo ndani ya tovuti kunahitaji mkataba na kampuni ya malipo, makato kwa kila muamala, na mtu wa kurekebisha mfumo wao ukibadilika. Lipa Namba yako ikiandikwa kwenye ukurasa, pamoja na jina litakalotokea mteja akiiingiza, inatosha. Jina hilo liandike hasa, ili mteja aone linafanana kabla hajathibitisha, kwa sababu matapeli wamewatia watu hofu.

Badala ya kapu, weka kitufe cha WhatsApp. Kiungo chake ni wa.me/ kikifuatiwa na 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Unaweza hata kuongeza ujumbe ulioandikwa tayari, mzazi akibonyeza anakuta: "Habari, naomba sare za shule ya ___, mtoto wa darasa la ___, kiuno ___, kifua ___." Anajaza, anatuma. Hilo ndilo kapu lako, halina gharama ya mwezi.

Akaunti za wateja ziache kabisa. Kila nywila unayoitunza ni mzigo, na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu. Wewe unashika majina ya watoto, shule zao na vipimo vya miili yao. Kusanya kile unachohitaji kushonea tu, na msimu ukiisha futa usichokihitaji. Naomba sana pia: usipandishe picha ya mtoto wa mtu akiwa ndani ya sare yenye nembo ya shule bila idhini ya mzazi wake. Picha hiyo inamwambia mtu asiyemjua kwamba mtoto huyu, mwenye sura hii, anapatikana hapa kila siku asubuhi. Tumia sanamu ya dukani au tundika nguo ukutani.

Bado tovuti ijengwe kwa kutumia nini. Kijana wako pengine atatumia WordPress, programu ya kujengea tovuti, na sina ugomvi nayo. Ilitoka mwaka 2003 na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, maana yake mafundi wanaoijua ni wengi na hautakosa wa kumwita. Lakini ni kama mashine ya mafuta, inataka huduma. Ina programu yenyewe, ina viongezeo, na vyote vinatakiwa kusasishwa, vinginevyo wezi wanapita kwenye matundu yanayojulikana. Niliwahi kupigiwa simu na muuza dawa za mifugo. Alikuwa ametafuta jina la duka lake Google, na chini yake yakatokea maandishi ya Kijapani, mistari na mistari, yanatangaza mikoba na viatu. Aliniuliza kwa sauti ya woga kama ameshitakiwa. Tovuti yake ilikuwa na miaka miwili bila kuguswa, wezi walikuwa wameingia na kupandikiza maelfu ya kurasa ndani yake. Kuisafisha kulichukua siku nne, na Google ilichukua wiki kadhaa kuiamini tena.

Kwa kurasa mbili za sare ningekuandikia HTML ya kawaida, ile lugha ya msingi ya kurasa za wavuti: mafaili machache yasiyo na hifadhidata wala mlango wa kuingilia wa kuvunjwa. Kurasa za namna hiyo zinadumu. Nakala ya ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, alioutengeneza Tim Berners-Lee pale kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiifungua leo kwenye simu yako inafunguka. Mafaili hayo yanaweza kukaa bure kwenye huduma kama Cloudflare Pages, ukayaunganisha na .co.tz yako. Cheti cha usalama, kile kinachofanya kivinjari kisitoe onyo, kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu 2015, hivyo fundi akikutoza laki kwa ajili yake muulize vizuri. Kasoro ya njia hii ni moja na ni ya kweli: ukitaka kubadilisha bei lazima mtu afungue faili na kuandika. Kwako bei zinabadilika mara mbili tatu kwa mwaka, mpwa wako anaweza. Ungekuwa unauza samaki, ambao bei inabadilika kila alfajiri, ningekushauri vingine.

Na mpwa wako ana hoja. Akili bandia inaandika ukurasa kama huo vizuri, mimi mwenyewe naitumia kwa kazi za kurudiarudia. Mwache aijaribu, ampe maswali ya daftari lako na picha. Ila kila bei isomwe na wewe, kila sentensi pia, kwa sababu mitambo hiyo inaweza kubuni saa za kazi ambazo hukusema na kuandika Kiswahili ambacho hakuna mtu wa Tanga anayekiongea. Mambo ya kumuuliza mpwa kuhusu huduma atakayoitumia ni mawili: mafaili naweza kuyapakua na kuyahamishia kwingine? Na naweza kuweka jina langu mwenyewe? Kuna huduma za bure zinazokukubalia kujenga halafu hazikuruhusu kuondoka na ulichojenga. Huko usiende.

Kijana usimfukuze. Mtu anayekuja dukani kuomba kazi anastahili heshima, na huenda ni fundi mzuri aliyezoea kuuza kila kitu kwa pamoja. Mpe kazi ndogo: kurasa mbili, picha zimebanwa, kitufe cha WhatsApp, kuunganisha domeini uliyoinunua mwenyewe, na saa mbili za kumfundisha mpwa wako kubadilisha bei. Kwa kazi hiyo mimi ningetoza kati ya laki tatu na laki tano. Lipa nusu mwanzo, nusu ukishaifungua kwenye simu yako nje ya duka. Mwandikiane, hata ukurasa mmoja, kwamba mafaili na nywila zote vinakabidhiwa kwako siku ya mwisho, na siku hiyo zibadilishe mbele yake. Fundi muungwana hatakasirika. Akikataa kabisa jina kusajiliwa kwako, hapo shukuru na umuage.

Pesa itakayobaki nunua ovaloki.

Majina ya kidato cha kwanza kwa kawaida hutoka Desemba, na wazazi wanaanza kutafuta sare siku hiyo hiyo. Kurasa mpya Google inachukua muda kuzitambua, kwa hiyo zako ziwe hewani kabla Oktoba haijaisha, hata kama ni shule tano tu zilizokamilika. Nyingine utaongeza kadiri unavyopiga picha. Ukimaliza wiki ya daftari, nitumie picha ya kurasa zake, ukifunika majina ya wateja, nikupangie maswali yapi yakae juu.